Serigrafi haiishi ku tishati: namna wino inabeba umeme



Mu miji yetu mingi hauwezi kukosa ateliye ya serigrafi. Wakati wa kampeni, wakati wa kolasio, wakati wa matanga, tunapelekea wale vijana tishati nyeupe na wanaturudishia zikiwa na sura na maneno. Wengi kati yetu tunaona ile ni kazi ya mutu aliyekosa masomo. Leo nataka tuangalie jambo moja: ile kazi, na vyombo karibu vile vile, njo inatengeneza bandeleti za kupima sukari mu damu, zile plastiki zenye ziko ndani ya klaviye ya ordinatere, na vitufe bapa vya mashine nyingi. Tofauti iko mu mambo matatu: wino, unene wake, na kupima. Lile la tatu njo linatuangalia sisi watu wa masomo, na njo lenye linakosekana zaidi kwetu.

1. Tuelewe kwanza chombo chenyewe

Serigrafi inaomba vitu vine. Kadre ya mbao ao ya aluminiyumu. Kitambaa cha wavu chenye kimevutwa juu ya kadre mupaka ukikipiga kinalia kama ngoma. Raklete, ule mupira wa kusukuma wino. Na emulsio, dawa yenye inakuwa ngumu fasi mwangaza unaipiga. Unapaka emulsio ku wavu, unaikausha mu giza, unaweka juu yake filmu yenye muchoro mweusi, kisha unaipeleka ku taa ao ku jua. Fasi mwangaza umepita, emulsio inakamata. Fasi muchoro umekinga, inabaki laini, unaisafisha na maji na matundu yanafunguka. Wino itapita mu yale matundu tu.

Ni njia ya zamani. Mu 1907 Mwingereza mumoja wa Manchester, Samuel Simon, alipata patenti ya kutumia kitambaa cha hariri kama wavu. Hata jina "serigrafi" linatokea ku neno la zamani la hariri. Leo wavu ni wa poliesta, ao wa chuma isiyoshika kutu kama kazi inaomba usahihi mukubwa. Wavu unahesabiwa kwa nyuzi mu santimetre moja. Kwa tishati wanatumiaka sana kati ya 43 na 77. Kwa mistari myembamba ya umeme wanapita 100.

Sasa, juu ya nini kuchagua serigrafi na si printa ya ofisi? Juu ya unene. Printa ya ofisi inaacha tabaka nyembamba sana, kivuli tu cha wino. Serigrafi, kwa mupigo mumoja, inaweza kuacha mikrometre 10 ao zaidi. Unywele wa mutu uko na kati ya 50 na 100, basi usizarau ile 10. Umeme unapita mu kitu kama maji mu mufereji: mufereji ukiwa na kina kidogo, maji inapita kwa shida.

2. Wino yenye iko na kazi

Rangi ya tishati iko na kazi moja tu: ionekane. Wino ya kazi, yenyewe, inapashwa kufanya jambo: kupitisha umeme, kuuzuia, kushika joto, ao kushika dawa fulani. Iko na sehemu tatu. Ya kwanza ni unga wenye unafanya kazi. Ya pili ni resini, gundi yenye inashikanisha unga na plastiki. Ya tatu ni diliyanti, yenye inalainisha yote wakati wa kuchapa na inatoka wakati wa kukausha.

Unga wenye unatumiwa sana kwa kupitisha umeme ni feza. Sisemi makuta, nasema ile madini nyeupe ya pete na mikufu. Wanaisaga mu vipande bapa vidogo sana, sawa vile magamba ya samaki, juu magamba yanalalana moja juu ya ingine na kugusana muzuri.

Kugusana njo siri yote. Fikiria salongo. Watu wamejipanga toka barabarani mupaka fasi ya kujenga, wanapitishiana matofali mukono kwa mukono. Watu wakitosha, tofali inafika. Ukitoa watu kidogo kidogo, kuna saa mulolongo unakatika, na hakuna tofali hata moja yenye itafika, hata kama bado kuko watu wengi mu barabara. Unga mu wino ni vile vile. Chini ya kiasi fulani, umeme haupite kabisa. Ukipita kile kiasi, njia zinafunguka kwa mara moja. Njo maana mu wino nzuri ya feza, ile feza inapitaka nusu ya uzito wote, na njo maana wino yenyewe ni ya bei kali.

Kuko na wino ya kaboni, yenye grafiti na masizi safi. Inapitisha umeme kidogo kuliko feza, lakini ni ya bei ndogo, haishike kutu, na inavumilia kusuguliwa. Kuko pia wino ya kuzuia umeme, ile wanaita dielektriki: wanaipaka juu ya mistari kama vernisi, ili unyevu na vidole visifike.

Mutu wa Katanga ataniuliza: na shaba yetu? Swali ni nzuri. Shaba nzima inapitisha umeme karibu sawa na feza, inashindwa kwa kiasi kidogo tu. Tatizo ni kuisaga. Ukikata avoka mara mbili, inachukua muda mbele iwe nyeusi. Ukiiponda, inakuwa nyeusi haraka, juu hewa imepata fasi nyingi za kugusa. Shaba ya unga inafanya vile: kila chembe inavaa koti ya oksidi, na ile koti haipitishe umeme muzuri. Kuko watu wenye wanatengeneza wino ya shaba, lakini wanapashwa kuikinga na hewa wakati wa kuikausha, ao kuivalisha feza juu. Basi kuwa na madini mu udongo ni jambo moja, kujua kuigeuza wino ni jambo lingine.

3. Hesabu ya kare

Hapa njo fasi serigrafi inaacha kuwa mazoea ya mukono na inakuwa sayansi. Na hesabu yenyewe ni ya humanité.

Wauzaji wa wino wanatoa rezistansi yake kwa "ohm kwa kare moja", kwa unene fulani. Kare ni nini? Chukua musitari wenye umechapa, uukate mu akili yako mu vipande vya kare. Musitari wa urefu wa milimetre 100 na upana wa milimetre 1 uko na kare 100. Musitari wa urefu wa 100 na upana wa 2 uko na kare 50. Kare iwe kubwa ao ndogo, rezistansi yake ni ileile kama unene ni uleule.

Tuseme wino ya feza iko na ohm 0,015 kwa kare. Musitari wetu wa kare 100 utakuwa na ohm 1,5. Chapa ule ule musitari na kaboni ya ohm 20 kwa kare: utapata ohm 2 000. Sasa tuseme raklete ilisukumwa kwa nguvu zaidi na unene ukashuka toka mikrometre 10 mupaka 5. Rezistansi inakuwa mara mbili. Kwa macho musitari ni uleule, mweusi na muzuri. Kwa umeme, ni kitu kingine.

Ku tishati, tofauti kama ile hakuna mutu ataiona. Ku kipimo cha dawa, inaweza kudanganya munganga. Njo maana mu kiwanda mashine inashika kila kitu: nafasi kati ya wavu na plastiki (mara nyingi milimetre 1 mupaka 3, ili wavu uruke nyuma mara moja kisha raklete kupita), ugumu wa mupira, pembe yake, mwendo na nguvu. Wino nayo inachunguzwa. Inapashwa kufanana na tomate ya kopo: ukiisukuma inateleza, ukiiacha inasimama. Ikiwa nyepesi sana, mistari inapanuka na kugusana. Ikiwa nzito sana, alama za nyuzi za wavu zinabaki mu wino.

4. Plastiki inapinda na inaogopa moto

Plastiki yenye inatumiwa sana ni poliesta, ndugu wa ile ya chupa za maji, lakini mu karatasi nyembamba. Kwa kufanya feza ishikane muzuri, wino nyingi zinaomba furu ya digrii 120 ao 130 kwa dakika kumi ao zaidi. Poliesta ikipata joto ile kwa mara ya kwanza inajikunja kidogo. Ukichapa tabaka ya pili, haiingie tena juu ya ya kwanza. Wenye kujua kazi wanapitisha plastiki tupu mu furu mbele ya kuchapa, ili ijikunje kwanza na iishe.

Kuhusu kupinda, kuko hesabu ingine nyepesi. Unapopinda plastiki, uso wa inje unavutwa na uso wa ndani unabanwa. Kiasi cha kuvutwa ni karibu unene wa plastiki kugawanya na mara mbili ya nusu-kipenyo cha mupindo. Plastiki ya milimetre 0,1 yenye imezunguka kalamu ya nusu-kipenyo cha milimetre 5 inavutwa asilimia 1. Ukitumia plastiki ya nusu ya ule unene, inavutwa asilimia 0,5. Kwa hiyo, plastiki nyembamba inalinda musitari kuliko plastiki nene. Na kama unajua upande wenye itapindiwa, weka mistari ku uso wa ndani: chembe zenye zimebanwa zinaendelea kugusana, zenye zimevutwa zinaachana.

Unataka kuona haya yote kwa macho yako? Tafuta klaviye ya zamani yenye imekufa. Ufungue. Mu nyingi utakuta karatasi tatu za plastiki: ya juu na ya chini ziko na mistari ya wino, ya katikati iko na matundu. Ukibonyeza herufi, mistari inagusana mu tundu. Weka multimetre ku miisho ya musitari na upime. Mara nyingi klaviye yenye ilimwangiwa chai iko na fasi moja tu musitari umeliwa. Ile ni somo ya bure.

5. Bandeleti ya sukari

Mu 1962, Mumarekani Leland Clark na mwenzake Lyons walionyesha njia ya kupima glukozi kwa elektrode yenye enzimu. Miaka 25 nyuma yake, mu 1987, kampuni MediSense iliuzisha ExacTech, chombo kidogo kama kalamu, chenye kilitokana na utafiti wa Cranfield na Oxford. Bandeleti zake zilichapwa kwa serigrafi. Kutoka hapo, mugonjwa wa sukari aliweza kujipima kwake nyumbani kwa umeme.

Tukiangalia bandeleti kama mutu wa serigrafi, tunaona matabaka. Plastiki chini. Mistari ya kaboni. Mara nyingi elektrode ya feza na kloridi ya feza ya kulinganisha. Tabaka ya kuzuia umeme yenye inaacha dirisha ndogo tu. Mu lile dirisha, enzimu na dawa ya kubeba elektroni. Enzimu yenye ilitumiwa sana ni glukozi oksidazi, na inatolewa mu kuvu ya Aspergillus niger. Watu wa agronomia mutacheka: ndugu yake, Aspergillus flavus, njo inatutilia aflatoksini mu mahindi na karanga. Jamaa moja, mumoja anaua, mwingine anapima.

Tone la damu likiingia, enzimu inatoa elektroni ku glukozi, dawa inazibeba mupaka ku kaboni, na glukometre inazihesabu. Glukozi nyingi, umeme mwingi. Lakini ule umeme unafuata pia ukubwa wa dirisha la elektrode. Tuseme sukari ya kweli ni 250 na dirisha limechapwa likapungua asilimia 20: bila kusahihishwa, chombo kitasoma karibu 200. Kanuni ya kimataifa ISO 15197 ya 2013 inaomba majibu 95 kati ya 100 yasiachane na ya laboratware kupita asilimia 15 kama sukari iko 100 mg/dL ao zaidi, na kupita 15 mg/dL kama iko chini ya pale. Glukometre nyingi za zamani zilikuwa zinaomba uingize kode ya kila chupa ya bandeleti. Ile kode ilikuwa namna ya kuambia chombo: "wino ya fungu hili ilitoka hivi, sahihisha."

Kutoka hapa kuko mafundisho ya leo leo kwa familia zetu. Ile chupa ya bandeleti iko na dawa ya kukausha hewa ndani ya kifuniko ao ku kuta zake. Unyevu unaharibu enzimu bila kugeuza rangi ya bandeleti. Mutu akikuuzia bandeleti moja moja zenye zimefungiwa mu karatasi, hauwezi kujua zimekaa inje siku ngapi, na namba yenye itaonekana ku ekra haitakwambia kama inadanganya. Mama ao baba yako anachoma insulini kwa kufuata ile namba. Chukua chupa nzima, angalia tarehe, funga kifuniko mara moja, usiiache mu jua ao mu jikoni.

6. Na shamba je?

Sisemi tuanze kutengeneza bandeleti za damu mu ateliye ya mutaa. Apana. Tuanze na vitu vyenye kosa lake haliue mutu. Mimi naona shamba.

Maji inajibu umeme tofauti sana na udongo. Namba yenye inaitwa permitiviti ni karibu 80 kwa maji, karibu 4 kwa madini ya udongo mukavu, na 1 kwa hewa. Ukichapa mistari miwili ya kaboni ku plastiki, moja karibu na ingine kama meno ya vichanuo viwili vyenye vimeingiana, ukaifunika na vernisi ya kuzuia maji, na ukaitia mu udongo, chombo kidogo kama Arduino kinaweza kusoma namna unyevu unapanda na kushuka. Vernisi njo inabeba kazi yote: ikipasuka, maji inagusa kaboni na majibu yanakuwa uongo.

Lakini kusoma namba si kupima bado. Unapashwa kuchukua udongo wa lile shamba, kuupima uzito, kuukausha mu furu ku digrii 105 kwa saa 24, kuupima tena, na kulinganisha na namba ya kile chombo, mara nyingi, mupaka upate musitari wa kulinganisha. Ile kazi, fundi wa tishati hajaifundishwa. Sisi tumeifanya mu travaux pratiques mupaka tukachoka.

7. Tunaanzia wapi?

Enda ku ateliye, lakini usiende kama mukubwa. Yule fundi anajua mambo yenye hauyajue: kuvuta wavu, kusikia raklete, kulinganisha rangi nne bila kuachana. Wewe leta multimetre na daftari. Muchape mistari 20 yenye kufanana. Mupime kila moja. Utafute wastani, utafute ekati-tipi, ugawanye ya pili na ya kwanza. Ile asilimia njo sura ya kweli ya ateliye yenu. Kisha mubadilishe: wavu mbili, nguvu mbili za raklete, joto mbili, na muchanganye zote kwa mupango. Mutu wa agronomia ataona mara moja kama ile ni majaribio ya shamba tu. Na ni kweli: Ronald Fisher alijenga ile hesabu ya majaribio mu kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kuanzia 1919, kwa viazi na ngano, na leo viwanda vya dunia vinaitumia.

Mambo matatu ya kuchunga. Usitoe unga mweusi wa mabuye ya radio ukizani ni kaboni tupu: sehemu kubwa yake ni manganezi, na ni mubaya ku mapafu. Diliyanti ifanyiwe fasi hewa inapita, mbali na moto. Na furu yenye imekausha wino isioke tena mukate.

Tunalalamika kila siku kama diplome zetu hazipate kazi, na tuko na haki. Lakini kati ya fundi mwenye anajua kuchapa na lisansie mwenye anajua kupima, kwetu kuko ukuta, na ule ukuta tumeujenga sisi wenyewe kwa kuzarau kazi ya mikono. Mwenye kuko karibu na ateliye, apite kesho na multimetre. Mistari 20, na alete namba hapa, tuijadili pamoja.